Tangi la kombaini hujaa kwa mita, si kwa kasi

Swali: "Mwalimu, mimi na wifi yangu tunalima ekari 60 za mahindi Trans Nzoia, si mbali na Kitale. Tumechoka kusubiri kombaini ya kukodi hadi Desemba, mabua yakianguka mbele ya macho yetu. Tumeonyeshwa kombaini mbili za mtumba. Ya kwanza ina heda (kile kichwa cha mbele kinachopokea mabua) ya mistari 4 na tangi la lita 3,200. Ya pili ina heda ya mistari 6 na tangi la lita 5,500, na bei yake imetushtua. Dalali anasema tangi kubwa litatuwezesha kwenda kasi bila kusimama. Mistari yetu ina urefu wa mita 350, tunapanda kwa mashine ya mistari 4, na mwaka mzuri tunapata magunia 24 kwa ekari. Tuna trekta moja, trela moja ya tani 5, na ghala liko kilomita 3 kutoka shambani. Tangi lipi linaoana na kasi ya kuvuna mahindi? Na je, tukichukua ile ndogo, fundi anaweza kuliongezea tangi mabati juu?"

Dada yangu, umenirahisishia kazi kwa kuja na namba. Wengi huniuliza "kombaini gani ni nzuri?" bila kutaja hata urefu wa shamba, na hapo hakuna mtu anayeweza kujibu kwa haki. Nitakuambia kwanza ninavyoona, halafu tupige hesabu pamoja ili usinunue kwa neno langu wala la dalali: kwa shamba lako lilivyo leo, chukua ile ya mistari 4, na pesa utakazookoa zitafutie trela ya pili. Tangi la lita 5,500 halitakumalizia mavuno hata siku moja mapema.

Anza na hilo neno la dalali, kwamba tangi kubwa linakupa kasi. Tangi halina habari na kasi yako. Linajua mahindi mangapi yameingia, na mahindi yanayoingia yanategemea eneo ulilopita, basi. Ukipita mita 1,000 polepole au mita 1,000 mbio, mahindi yaliyosimama pale ni yaleyale. Kwa hiyo tangi hujaa baada ya mita fulani, na mita hizo hazibadiliki ukikanyaga mafuta. Kinachobadilika ni dakika tu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Magunia 24 ya kilo 90 ni kilo 2,160 kwa ekari, lakini hayo ni mahindi makavu ya kuuza, ya unyevu wa asilimia 13.5. Kombaini itayakuta shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 18 hivi, na hapo yana maji zaidi, kwa hiyo uzito wake unafika karibu kilo 2,280 kwa ekari. Ekari ina mita za mraba 4,047. Gawanya, unapata kilo 0.56 katika kila mita ya mraba, yaani nusu kilo na kidogo.

Sasa tangi. Lita moja ya mahindi haifiki kilo moja. Ina kama gramu 700. Ukitaka uhakika wa mahindi yako mwenyewe, jaza ndoo ya lita 20, isawazishe kwa kipande cha mbao, upime. Ikisoma kilo 14, uko hapo. Angalia pia kitabu cha mashine kikikuambia tangi lina tani kadhaa, maana mara nyingi wamehesabu kwa ngano, na ngano ni nzito zaidi, karibu gramu 770 kwa lita. Kombaini nyingi zinazouzwa kwenu zimezeeka kwenye ngano ya Uasin Gishu na Narok, na wauzaji huzisema kwa lugha ya ngano.

Tangi la lita 3,200, basi, linabeba kilo 2,240 za mahindi. Heda ya mistari 4, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, ina upana wa mita 3. Kila mita moja ya mwendo inaingiza kilo 1.68. Tangi linajaa baada ya mita 1,333.

Tangi la lita 5,500 linabeba kilo 3,850. Lakini heda yake ya mistari 6 ina upana wa mita 4.5, nayo inaingiza kilo 2.52 kwa kila mita. Linajaa baada ya mita 1,528.

Tazama tofauti hiyo vizuri. Tangi limezidi kwa lita 2,300, na umbali umeongezeka kwa mita 195 tu. Heda pana inakula kile ambacho tangi kubwa limeongeza. Hata huko Marekani wanakotangaza matangi ya lita 14,000, mambo ni hayohayo: heda ya mistari 12 kwenye mahindi ya tani 11 kwa hekta hulijaza tangi hilo ndani ya kilomita moja hivi. Ndiyo maana wakulima wakubwa wa kule hawategemei tangi peke yake, huwa na trela maalumu ya nafaka inayokimbia kando ya kombaini kutwa nzima.

Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ile ndogo itajaa kwa dakika 16 na ile kubwa kwa dakika 18. Ukiendesha kilomita 7 kwa saa, itakuwa dakika 11 na 13. Tangi limekusaidia dakika 2. Dalali hakukuambia hilo.

Kinachohusu tangi kwa kweli ni urefu wa mistari yako, na hapa ndipo watu wengi hupoteza siku bila kujua. Kombaini haiwezi kumwaga mahali popote. Trela imesimama mwisho mmoja wa shamba, tuseme upande wa barabara. Ukienda safari moja uko upande wa mbali, ukirudi uko upande wa trela. Maana yake unamwaga baada ya safari 2, au 4, au 6. Tangi likijaa katikati ya safari ya tatu, umekwama: ama uache kuvuna na utembee mtupu hadi kwenye trela, ama trekta ikufuate ndani ya mabua.

Mistari yako ina mita 350, lakini miisho yote miwili lazima uivune kwanza ili mashine ipate pa kugeukia. Ondoa mita 9 kila upande, unabaki na 332. Kombaini kubwa itafanya safari 4, mita 1,328, na kurudi kwenye trela ikiwa na kilo 3,347. Hiyo ni asilimia 87 ya tangi, jambo zuri sana. Kombaini ndogo ikifanya safari 4 itarudi na kilo 2,231 katika tangi la kilo 2,240. Kwenye karatasi imeingia. Shambani usijaribu. Mahindi hayajisawazishi kama maji, hujilundika chini ya bomba la kujazia, na ardhi yenu ina miteremko inayoelekea Mlima Elgon. Yatamwagika kona moja kabla kona nyingine haijajaa, na mwaka wa mavuno mazuri kidogo hesabu yote inavunjika.

Ile ndogo, kwa hiyo, ifanye safari 3, mita 996, ibebe kilo 1,673, kama robo tatu ya tangi. Safari ya tatu inaishia upande wa mbali, na trela iwe inakungoja huko. Tatu zinazofuata zinaishia upande wa barabara. Trela inabadilishana miisho na una dakika 12 na zaidi za kuihamisha. Kama upande wa mbali hakuna njia ya trekta, fyeka njia kabla ya mavuno. Kazi hiyo ya siku moja ya vibarua wawili inakupa faida kuliko lita 2,000 za tangi.

Sasa njoo kwenye trela, ambayo naona ndiyo kisa chote.

Kombaini ya mistari 4 kwa kilomita 5 kwa saa inavuna hekta 1.5 kwa saa, endapo haisimami kamwe. Lakini inasimama: inageuka, inamwaga, inazibwa na majani, dereva anashuka kuangalia mnyororo. Kwa kawaida muda halisi wa kuvuna ni kati ya asilimia 60 na 75. Chukua 65. Unapata karibu hekta moja kwa saa, ekari 2.4, tani 5.5 za mahindi. Ile ya mistari 6 kwa mwendo huohuo itatoa ekari 3.6, tani 8.2 kwa saa.

Trela yako? Kilomita 3 kwa trekta kwenye barabara ya shamba ni dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Kushusha tani 5 kwa makoleo ni nusu saa kama vijana wana nguvu na hawajachoka. Saa moja imeisha. Trela yako inahamisha tani 5 kwa saa, haijalishi umenunua kombaini gani.

Ekari 60 zako zina tani 137 za mahindi ya unyevu huo. Kombaini ndogo peke yake ingemaliza kwa saa 25. Kubwa ingemaliza kwa saa 17. Lakini kwa trela moja zote mbili zitamaliza kwa saa 27 au 28, kwa sababu zote zitamsubiri dereva wa trekta. Umelipa bei ya mistari 6 ili mashine isimame chini ya jua tangi likiwa limejaa. Ndiyo sababu nikasema trela ya pili. Trela hiyo ibaki shambani ikijazwa wakati ya kwanza iko njiani, na trekta iwe inabadilisha tu. Na kama unaweza kupata trela inayojiinua yenyewe, nusu saa ya makoleo inakuwa dakika chache, na tripu nzima inashuka hadi dakika 40 hivi. Hiyo ni tani 7 na nusu kwa saa, na hapo kombaini ndogo haitangoja kamwe. Baadaye, mkitaka kuwavunia majirani kwa malipo, hapo ndipo mistari 6 inaanza kuwa na maana, mkiwa tayari na trela 2 na trekta 2.

Sijasahau swali la kasi, maana nataka uendeshe kwa kasi sahihi, na kasi hiyo haitoki kwenye tangi hata kidogo. Inatoka sehemu mbili: kwenye heda, na kwenye silinda ya kupukuchua pamoja na chekeche zake.

Kwenye heda, rola mbili zinavuta bua chini hadi hindi ligonge yale mabamba mawili ya chuma na kukatika. Minyororo inalipeleka hindi nyuma. Kombaini ikienda haraka kuliko minyororo na rola zinavyoweza kupokea, mabua yanasukumwa mbele badala ya kuvutwa chini, na mahindi mazima yanaruka nje. Ikienda polepole mno, minyororo inalivuta bua kabla halijafika mahali pake na hindi linadondoka. Mbegu ndefu za nyanda za juu, kama H614, zina hindi lililokaa juu na bua linaloinama upepo ukivuma, kwa hiyo hazisamehe mwendo wa mbio. Kwenye mahindi yaliyosimama vizuri anza na kilomita 5 kwa saa. Kwenye yaliyolala, teremka hadi 3 na uyaingie kutoka upande yalikoelekeza vichwa, ili yasiteleze mbele ya heda.

Kombaini nzee mara nyingi haina kipimo cha mwendo kinachofanya kazi. Pigilia vigingi viwili, mita 50 kati yao, na mtu ashike simu. Sekunde 36 ni kilomita 5 kwa saa. Sekunde 45 ni kilomita 4. Sekunde 26 ni karibu 7.

Halafu hesabu hasara, kila asubuhi na kila ukibadilisha kasi. Nyuma ya kombaini pima eneo lenye upana wa heda. Kwa heda ya mistari 4, upana mita 3, urefu mita 13.5, unapata sehemu moja ya mia ya ekari. Kusanya mahindi mazima yaliyoanguka humo. Kila hindi moja ni karibu kilo 20 kwa ekari, kwa sababu kwenye ekari nzima yako mia kama hilo. Ukipata 4 au 5, gunia limeachwa kwenye kila ekari. Kisha weka fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, hesabu punje. Punje 20 ni kilo 25 hadi 30 kwa ekari. Punje 60 zinakaribia gunia zima.

Kama punje zimelala mbele ya magurudumu, pale heda ilipopita na nyuma bado haijafika, kosa ni la heda: mwendo, au nafasi ya yale mabamba. Kama ziko nyuma tu, silinda au chekeche imezidiwa, na dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo, si kuchezea bolti. Okota na magunzi. Gunzi linalotoka na punje bado zimeshika linakuambia kupukuchua hakujatosha. Gunzi lililosagwa vipande linakuambia silinda inazunguka mno. Mashine iliyotoka kwenye ngano huwa imepangwa mizunguko 800 na kuendelea kwa dakika. Mahindi yanataka kati ya 400 na 600. Nimeona mahindi mazuri yakitoka nusu yake yamevunjika kwa sababu mwenye kombaini hakurudisha silinda chini, na punje iliyovunjika ndiyo mlango wa dumuzi, yule mdudu wa ghalani, na wa ukungu. Nilivyoyaona yale mahindi kwenye turubai nilihuzunika, maana mwenye shamba alikuwa amefanya kila kitu sawa tangu Machi.

Usiende polepole kupita kiasi ukidhani unahifadhi. Silinda inayozunguka karibu tupu huvunja punje zaidi, kwa kuwa mahindi machache yanapigwa na chuma kitupu badala ya kusuguana yenyewe kwa yenyewe.

Jambo moja ambalo hukuuliza, lakini peke yake lingetosha kuamua. Unapanda kwa mashine ya mistari 4. Kati ya safari moja ya kupanda na nyingine, ile nafasi ya kuungana haiwi sentimita 75 kamili. Leo 65, kesho 90, kulingana na mkono wa dereva. Heda ya mistari 4 ikifuata safari zilezile za mashine ya kupandia haitagusa hiyo nafasi. Heda ya mistari 6 itaivuka kila safari, na mstari mmoja utaingia kwa kulazimishwa, mabua yakivunjwa kabla hayajafika kwenye rola. Hapo utakuwa ukipoteza mahindi mashine ikiwa nzima kabisa.

Na ukishavuna kwa kasi ya tani 5 kwa saa, utayaweka wapi? Saa 6 nzuri kwa siku, kati ya umande wa asubuhi na mvua ya alasiri, ni tani 30. Zikianikwa unene wa sentimita 5, mita moja ya mraba inabeba kilo 35, na tani 30 zinataka mita za mraba zaidi ya 850 za turubai. Mahindi ya asilimia 18 yakikaa kwenye rundo usiku mbili tatu yanapata joto, na kutoka hapo sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haiko mbali. Kiwango kinachoruhusiwa kwetu ni sehemu 10 kwa bilioni, na mnunuzi mwenye kipimo hatakusikiliza. Kama hamna uwanja huo, pangeni mapema kupeleka mahindi kwenye kikaushio, bodi ya nafaka au kwa mtu binafsi, na mhesabu safari ya huko kama mlivyohesabu ya ghala. Ikiwa kikaushio kinapokea tani 20 kwa siku, basi vuneni tani 20 kwa siku.

Kuhusu mabati juu ya tangi. Inawezekana, na wengi wamefanya. Lakini kumbuka kila lita 100 ni kilo 70, zinazokaa juu kabisa ya mashine, juu ya ekseli ambayo mhandisi aliipima kwa lita 3,200. Kwa hesabu yako unahitaji nafasi ya kuzuia mahindi yasimwagike kwenye safari ya nne, si mzigo mpya. Kimo cha sentimita 15 kuzunguka mdomo wote kinatosha. Kwanza mwambie fundi akague ekseli, rimu na matairi ya mbele, na asikate wala kuchomelea kwenye kuta za tangi lenyewe. Afunge kwa bolti, ili siku ukihamia shamba lenye mteremko mkali uweze kuyatoa. Pia mabati yasifunike kioo kidogo kilicho nyuma ya kichwa cha dereva. Kupitia hapo ndipo anapoona tangi limefika wapi, na bila hicho atakuwa anakisia.